Nani Alimfundisha Graham?

Ukifungua kitabu cha elimu ya samaki na kumtafuta ngege, utamkuta kwa jina la Oreochromis esculentus, na baada ya jina hilo utaona neno jingine na mwaka: Graham, 1928. Ndio desturi ya wanasayansi. Anayemweleza kiumbe kwa mara ya kwanza kwa maandishi, jina lake hubandikwa pale milele. Esculentus ni Kilatini, maana yake anayelika. Jameni! Kana kwamba kuna mtu kati ya Dunga na Usenge aliyekuwa na shaka.

Michael Graham alikuwa Mwingereza ambaye hata miaka thelathini hakuwa amefika, mtafiti kutoka maabara ya uvuvi ya Lowestoft. Serikali za kikoloni zilimleta Ziwa Viktoria mwaka 1927. Yeye na msaidizi wake, E. B. Worthington, walilizunguka ziwa wakipima kina, wakitega nyavu, wakipasua matumbo ya samaki kuona wamekula nini. Ripoti ilitoka 1929, na mpaka leo wanaosomea maliasili za ziwa hili huanzia hapo. Historia ya usimamizi wa uvuvi, wanaambiwa, inaanza na Graham.

Sina ugomvi na Graham. Nitaeleza mbele kwamba alisema kweli mahali ambapo wengi baada yake walikataa kusikia. Lakini swali langu ni la kitoto tu: mtu anayetoka Lowestoft, asiyelijua ziwa, aliwezaje kutoka hapa baada ya miezi kadhaa na orodha ya samaki, misimu yao na mahali wanapozaa? Ni lazima aliuliza. Na alipouliza, alijibiwa na watu waliokuwa na majina. Majina ya samaki waliyompa yaliingia kwenye fasihi ya kisayansi: ngege, mbiru, ningu, fulu, mumi, kamongo. Majina ya waliojibu hayakuingia.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu siku hizi vijana wengi ninaowajua hapa Kisumu wanasomea mambo ya maliasili, si chuo kikuu bali kwenye vyuo vya kiufundi, kwa cheti na diploma. Watu huwacheka kidogo. Binamu yangu alipotangaza nyumbani kwamba amepata nafasi ya kusomea usimamizi wa maliasili, mjomba wetu, aliyevua tangu ujanani, alimwangalia akasema, "Mama yangu! Karo yote hiyo ya kusomea samaki? Si samaki wako hapa?" Tukacheka wote. Lakini swali la mjomba ni la zamani kuliko yeye. Elimu ya ziwa ni ya nani, inafundishwa wapi, na nani anahesabiwa kuwa mwalimu?

Tuanze na kek. Kek ni uzio wa miti na matete unaojengwa kukatiza mto, ukiachwa na mianya ambamo migono hutegwa. Mvua kubwa ikianza, mito ya Sondu, Nyando na Nzoia ikajaa, ningu hutoka ziwani akapanda mto kwenda kuzaa. Kek humsubiri njiani. Ili kuijenga ni lazima ujue mengi: mvua ya wiki gani inamtoa ningu ziwani, mkondo unapita upande gani, uzio uwe imara kiasi gani usisombwe na maji. Tena lazima ujue ni nani mwenye sehemu ile ya mto, maana mahali pa kek palikuwa na wenyewe, familia na ukoo, na mgeni hakuamka tu asubuhi akajitegea.

Sitaki kuwapamba wazee. Kuna mtindo siku hizi wa kuandika kana kwamba kila babu alikuwa mhifadhi wa mazingira. Babu alitaka samaki wa kula. Lakini chombo chake kilikuwa na kiasi ndani yake. Kek hukaa mahali pamoja, hufanya kazi msimu mmoja, na mwenyewe hujulikana. Ukiharibu, watu wanajua wakulaumu nani.

Halafu reli ikafika. Desemba 1901 garimoshi lilifika kando ya ziwa, mahali Waingereza walipaita Port Florence, na ghafla samaki wa Winam angeweza kufika Nairobi. Mwaka 1905 Mnorwei mmoja akaleta nyavu za kutega za kitani. Wavu huu ulikuwa muujiza. Unautandaza jioni ndani ya ghuba, asubuhi unatoa ngege kwa makumi. Ilichukua miaka ishirini tu kwa muujiza kuchoka. Kufikia miaka ya 1920 wavu uleule ulikuwa unatoa wachache wa kuhesabu kwa vidole, na hicho ndicho kilichofanya serikali zimwite mtu wa Lowestoft.

Graham alipendekeza kwamba wavu wa ngege usiwe na matundu yaliyo chini ya inchi tano, ili samaki wachanga wapite, wakue, wazae kwanza. Mwaka 1933 ikawa sheria. Tazama basi safari ya hayo maarifa. Yalitoka ufuoni kwa maneno ya mdomo, yakaandikwa kwa Kiingereza, yakachapishwa London, yakarudi ufuoni yakiwa yamevaa kofia ya askari. Mtu aliyekuwa mwalimu mwaka 1927 alikuwa mshtakiwa mwaka 1933. Wala hakuna darasa lililofunguliwa kumweleza kwa nini ni inchi tano na si nne. Hiyo sababu ilikaa kwenye ripoti.

Mwaka 1947 taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Jinja, upande wa Uganda, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa R. S. A. Beauchamp. Kazi nzuri sana ilifanyika Jinja. Lakini kwa mvuvi wa Winam, Jinja ilikuwa mbali kama London. Wakati huohuo nyavu za nailoni zikaingia, hazioi, hazichoki, na bei yake ikawa inashuka. Sheria ya inchi tano ikashindwa kusimama. Uganda na Tanganyika waliiondoa katika miaka ya 1950, Kenya ikaiondoa 1961. Matundu yakawa madogo mwaka hadi mwaka. Ngege akaporomoka. Leo ukiagiza ngege hotelini kando ya maji, unaletewa nyamami, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950. Yule wa Graham, 1928, wengi wa rika langu hatujawahi kumwonja.

Na ningu? Mwaka 1965 mtafiti aitwaye D. A. Cadwalladr aliandika juu ya kuporomoka kwa ningu katika mto Nzoia. Nyavu za kutega zilikuwa zimepangwa kwenye mlango wa mto, zikimkamata samaki mwenye mayai kabla hajapanda. Pamoja na ningu, aliandika, zana za kienyeji nazo zilikuwa zinakufa. Bila shaka. Nani atajenga kek kumsubiri samaki asiyefika? Na kek ikikoma kujengwa, yule kijana aliyekuwa ajifunze kuijenga anajifunza nini? Shule hufungwa hivyo pia, bila barua ya kuifunga.

Sasa tufike kwa mbuta. Hapa ndipo ninapomtetea Graham.

Katika ripoti yake ya 1929 alionya kwamba kuleta samaki mkubwa anayekula wenzake kwenye ziwa hili kungekuwa hatari, na kwamba jambo kama hilo lisifanywe bila utafiti wa kina. Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja, alirudia onyo hilo kwa nguvu zaidi. Kwa upande wa elimu, basi, mambo yalikuwa wazi. Wanasayansi wenye digrii, Waingereza, ambao serikali yenyewe iliwalipa, walisema hapana.

Mbuta akaja vilevile. Mtafiti Robert Pringle alichunguza habari hii na kuichapisha mwaka 2005: kuna ushahidi wa wahusika wenyewe kwamba mbuta kutoka Ziwa Albert alitiwa ziwani kimyakimya mwaka 1954 na watu wa idara ya wanyama na uvuvi ya Uganda, wakati mjadala rasmi ungali unaendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapandikizwa rasmi, hata upande wa Kisumu. Kwa karibu miaka ishirini ilionekana kama hakuna jambo. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1970, akalipuka. Fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina waliokuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wote chini ya ziwa katika uchunguzi wa 1969 hadi 1971, wakamalizika ndani ya muongo mmoja. Aina ambazo hazikuwa na jina hata la Kilatini ziliondoka kabla ya kupewa.

Kwa hivyo mtu akiniambia shida ya ziwa ni ukosefu wa elimu, namuuliza: elimu ya nani? Graham alijua. Fryer alijua. Wavuvi hawakuulizwa. Kilichokosekana mwaka 1954 ni mahali ambapo mtu wa kawaida angesimama na kusema "subirini kwanza" na akasikika. Hilo halifundishwi kwa ramani ya samaki.

Waliolipia masomo hayo walikuwa watu wa ufuoni. Viwanda vya minofu vilifunguliwa Kisumu, minofu ikaenda Ulaya, na mifupa ikabaki Obunga. Mgongo wazi, ndivyo tunavyoiita: kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu, inakaangwa na kuuzwa kando ya barabara. Wanawake wa Obunga walijifundisha biashara hiyo wenyewe, kuanzia mafuta hadi bei. Ndio usimamizi wa maliasili hasa, kuhakikisha hakuna kinachotupwa, ila haukuwahi kupata jina zuri hivyo.

Nirudi kwenye vyuo, maana historia yake nayo ina utamu na uchungu.

Uhuru ulipokuja, vijana waliomaliza shule ya msingi walikuwa wengi kuliko nafasi za sekondari. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti maarufu iliyouliza, kwa kifupi, baada ya shule ni nini? Kutokana na mjadala huo vikazaliwa vyuo vidogo vya ufundi vijijini. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaja wimbi kubwa zaidi: kila jamii ikataka chuo chake cha teknolojia, kwa harambee. Watu walitoa kuku, mbuzi, mishahara ya mwezi. Huku kwetu kikazaliwa chuo kilichopewa jina la Ramogi, babu wa Wajaluo. Kakamega wakapata WECO. Nyeri wakapata Kimathi. Murang'a wakapata chao. Kisumu penyewe tayari palikuwa na shule ya ufundi iliyoanzishwa 1967, ambayo leo ni Kisumu National Polytechnic.

Ukiangalia walichofundisha, utaona useremala, uashi, umeme, makanika, uhasibu, uchapaji. Kazi za mjini. Mwalimu wa uashi anasimama darasani, na dirishani unaliona ziwa, na hakuna somo la ziwa. Elimu ya ziwa ilikuwa imeshapelekwa kwingine. Ilikuwa Jinja mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kisha ikaja chini ya KMFRI, taasisi ya utafiti ya bahari na uvuvi iliyoundwa 1979, yenye kituo hapa Kisumu. Maafisa wa uvuvi walienda kufunzwa Naivasha. Wenye alama wakaenda chuo kikuu Nairobi. Kijana wa Usenge aliyetaka kulisomea ziwa ilibidi kwanza aliache.

Halafu vyuo vyenyewe vikaanza kumezwa. WECO kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kimathi kikawa chuo kikuu. Murang'a vilevile. Chuo cha walimu cha Siriba kikaunganishwa na chuo cha serikali cha Maseno kuzaa Chuo Kikuu cha Maseno. Mwaka 2009 chuo cha walimu cha Bondo kikaingia mkondo uliokifanya Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Sisi Wakenya tuna ugonjwa huu: kitu kidogo kinachofaa hakiachwi kiwe kidogo. Mama aliyetoa kuku wake mwaka 1972 ili mwanawe ajue kushika chombo cha kazi, mjukuu wake leo anahitaji alama za kuingia digrii kupita kwenye lango lilelile. Mimi niliingia chuo kikuu na nikatoka bila hiyo digrii, kwa hivyo mtu anaweza kusema nina kinyongo. Labda. Lakini hesabu ya vyuo vilivyomezwa iko pale, hainitegemei mimi.

Ramogi kimebaki chuo cha kiufundi. Nakihesabia sifa.

Wakati vyuo vinapanda vyeo, ziwa liliendelea kufundisha kwa njia yake. Katika miaka ya 1980 Peter Ochumba wa KMFRI Kisumu aliandika kuhusu vifo vya samaki wengi kwa mara moja ndani ya Ghuba ya Winam, akieleza jinsi maji ya chini yasiyo na oksijeni yanavyochanganyika na ya juu na kuwaua. Tutakutana na jambo hilo tena. Kisha gugumaji likaingia. Mwaka 1998 ndani ya ghuba peke yake lilifunika zaidi ya hekta 17,000. Meli zilikwama bandarini Kisumu, mashua za Dunga hazikutoka, wanawake walitembea juu ya zulia la kijani kutafuta maji ya kuchota.

Kati ya tiba zilizojaribiwa, moja naipenda kuliko zote. Watafiti wa KARI walileta wadudu wadogo, vifukusi wa jamii ya Neochetina wanaokula gugumaji na halafu basi, na wakaanza kuwazalisha Kibos. Wadudu wa kituo kimoja hawatoshi ziwa. Kwa hivyo vikundi vya ufuoni vikafundishwa kuwafuga wenyewe, kwenye matangi ya maji yaliyojaa gugu, na kuwaachilia ziwani. Fikiria mvuvi ambaye serikali imemwita mhalifu wa nyavu kwa miaka sitini, sasa anakabidhiwa mzunguko wa maisha ya mdudu: mayai, kiwavi, mdudu kamili, siku ngapi, joto gani. Akaufuata. Gugu lilipungua sana kufikia mwaka 2000. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani lilikuwa kazi ya vifukusi na kiasi gani lilikuwa El Niño na mawimbi yake. Kwangu ubishi huo si mkubwa kama tukio lenyewe. Ufuo ulikuwa chuo, wenye tangi walikuwa wanafunzi na wafanyakazi wa maabara kwa wakati mmoja. Fedha za mradi zilipoisha, darasa likaisha. Hakuna aliyepata cheti.

Kilichokuja baada ya hapo kilikuwa na mizizi zaidi. Mwaka 2007 Kenya ilitoa kanuni za BMU, vitengo vya usimamizi wa ufuo. Kila ufuo wa kuteremshia samaki una BMU yake, yenye wanachama, uchaguzi na kamati, na viti vya kamati vimegawanywa: wenye mashua, mabaria, wachuuzi, na wanawake lazima wawemo. Kwa mara ya kwanza baria, yaani yule anayevuta wavu kwa mashua ya mtu mwingine, akawa na kiti cha kisheria kwenye meza ya mambo ya ziwa. BMU zina kasoro nyingi. Nyingine zimetekwa na wenye mashua nyingi, nyingine hukusanya ada isiyoonekana ilipoenda. Lakini kiti kipo, na kiti kikishakuwepo unaweza kukigombania.

Hapa ndipo diploma ya binamu yangu inapoingia.

Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 ilivipa vyuo hivi heshima mpya, na kuanzia 2018 karo ya taasisi za serikali ikasawazishwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikilipia 30,000 na mwanafunzi akiruhusiwa kukopa HELB. Ghafla kusoma kulikuwa kunawezekana kwa mtoto wa mchuuzi wa omena. Mipango ya fedha imebadilishwa tena tangu wakati huo, lakini mlango ulishafunguka. Na masomo yakapanuka: mazingira, ufugaji wa samaki, maliasili.

Nimepitia madaftari ya binamu yangu, yeye mwenyewe akinikaripia nisiyakunje. Kuna kupima ubora wa maji. Kuna ramani za setilaiti. Kuna Sheria ya Mazingira ya 1999, Sheria ya Uvuvi ya 2016, Sheria ya Maji. Kuna Garrett Hardin, aliyeandika 1968 kwamba mali ya wote huangamizwa na wote, na kuna Elinor Ostrom, aliyepata Nobel 2009 kwa kuonyesha kwamba watu wengi duniani wamejitungia kanuni na mali yao haikuangamia. Kuna saizi ya mbuta anayeruhusiwa, sentimita 50 hadi 85. Kuna kufungwa kwa msimu wa omena, Aprili hadi Julai.

Ni masomo mazuri, yangekuwepo miaka arobaini iliyopita. Lakini nilitafuta neno jaboya na sikulipata. Kila mtu wa ufuoni analijua: mchuuzi wa kike anayelazimika kuwa na uhusiano na mvuvi ili auziwe samaki, ngono ikiwa sehemu ya bei. Samaki wanapopungua, jaboya huzidi. Msimu ukifungwa, mama aliyekuwa na mtaji mdogo anautumia kula, na siku ziwa linapofunguliwa hana kitu mkononi. Je, hilo si usimamizi wa maliasili? Wanawake wa ufuo wa Nduru walipoanza mwaka 2011 kutafuta mashua zao wenyewe, ili wao wawe wenye samaki na wanaume wawe wavuvi wa kuajiriwa, walikuwa wakijibu swali ambalo daftari halijauliza. Maji yakafurika baadaye, mashua zikachakaa, mambo yakawa magumu tena. Habari yao, kupanda na kushuka kwake, ingetosha somo la muhula mzima.

Sikuandika haya kuwaponda walimu. Nimekaa na mmoja wao, tukala samaki, akaniambia tatizo si mtaala peke yake, ni basi. Kutoa wanafunzi arobaini kuwapeleka ufuoni kunahitaji basi na mafuta, na mafuta yana foleni ya sahihi. Kwa hivyo ziwa linafundishwa ubaoni, kilomita chache kutoka kwenye maji.

Na ziwa haliko tayari kusubiri basi. Ukipanda mlima wa Riat ukatazama ghuba leo, utaona safu za vizimba vya kufugia samaki, maelfu yake upande wa Kenya, vyote vikiwa na umri mdogo kuliko simu za mkononi. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi sana Kisumu na ng'ambo, watu waliokopa benki wakaamka na kukuta maji meupe kwa matumbo ya samaki. Oksijeni ilikuwa imeshuka. Jambo lile la Ochumba, limeandikwa miaka ya 1980, liko maktabani. Tofauti ni kwamba samaki wa zamani angeweza kukimbia, wa kizimbani hawezi.

Kupima oksijeni ndani ya maji si kazi ya profesa. Ni kifaa cha kushika mkononi, waya na daftari. Saa mbaya zaidi ni kabla ya mapambazuko, maana usiku kucha mimea ya majini haikutengeneza hewa bali iliitumia. Saa hiyo hakuna ofisi iliyofunguliwa Kisumu nzima. Walio macho ni wavuvi wa omena wanaorudi na taa zao, walinzi wa vizimba, na kina mama waliokaa juu ya ndoo wakisubiri mashua. Kama kuna watu wa kufundishwa kusoma namba ile na kujua la kufanya ikishuka, ni hao.

Binamu yangu alifanya mafunzo yake ya nyanjani kwenye ufuo mmoja, miezi mitatu. Ofisi iliyompokea ilimpa kazi ya kupanga faili, kwa hivyo asubuhi alikuwa anajipeleka mwenyewe majini. Aliyemfundisha ni baria mmoja mtu mzima, Japuonj, Mwalimu, ndivyo alivyoanza kumwita kwa utani kisha si kwa utani. Alimwonyesha rangi ya maji kabla hayajageuka, na harufu yake, na upepo gani huyageuza, na binamu yangu akawa anaiandika namba ya kifaa kando ya kila neno la mzee. Mwisho wa miezi mitatu palikuwa na fomu ya kujaza. Jina la msimamizi, kiwango cha elimu, cheo, sahihi, mhuri. Mzee alikomea darasa la nne. Walikaa juu ya mashua iliyopinduliwa wakiitazama ile fomu kwa muda.

Mwishowe katibu wa BMU akasema mhuri wanao. Kwenye cheo wakaandika "mwanakamati, mabaria". Kwenye elimu wakaandika ukweli. Kwenye jina wakaandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, na chuo kikaipokea.